Viwavijeshi Hutoka Wapi?

Katika nchi ya ukame ya Samuye, mkoani Shinyanga, hakuna misitu ya misonobari kama ile ya milimani, wala nondo waishio kwa majani yake. Yuko nondo mwingine, wa mbugani, mwenye rangi ya kijivu isiyovutia. Wachache humtambua, ingawa watoto wake wanajulikana sana. Jina lake la kitaalamu ni Spodoptera exempta, na watoto wake ndio viwavijeshi.

Husemwa kwamba viwavijeshi hushuka na mvua. Kauli hiyo haiko mbali na kweli. Nondo hawa huruka usiku, na upepo huweza kuwachukua mamia ya kilometa. Pepo za dhoruba zinapokutana huwakusanya na kuwashusha pamoja mahali mvua inyeshapo. Hapo majike hutaga mayai kwa mamia, na baada ya siku 2 hadi 5 mayai huanguliwa, wakati ule ule nyasi na mtama vinapochipua.

La ajabu zaidi ni rangi. Kiwavi akuaye peke yake huwa wa kijani au kahawia, naye hujificha kwenye mashina ya nyasi. Viwavi wakisongamana hugeuka weusi, wakachangamka na kula mchana kweupe. Hao si wadudu wa aina mbili, bali ni yule yule mmoja. Ndiyo maana mkulima hudhani wamezuka usiku mmoja, kumbe wamekuwamo shambani kwa siku nyingi. Kiwavi huishi wiki 2 hadi 3, na sehemu kubwa ya chakula chake hukila katika siku za mwisho. Kisha huingia udongoni na kuwa pupa, na nondo atokaye humo huondoka na upepo.

Chakula chao ni mimea ya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga, na malisho ya ngitili. Pamba iliyo kando huachwa. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi mpaka huo. (Kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika na kuonekana Tanzania mwaka 2017, ni ndugu yake tu, yeye hujichimbia katikati ya majani machanga ya mahindi.)

Ili kutabiri mashambulizi, Tanzania imetumia mitego yenye harufu ya nondo jike. Madume huifuata wakanaswa, nao huhesabiwa. Idadi ikipanda, na mvua ikanyesha, yafaa mashamba na malisho yakaguliwe chini ya majani katika wiki ifuatayo, viwavi wakiwa bado wadogo na wa kijani.