Je, Wajua? Viza ya Ujerumani kwa Wenye Ujuzi

Je, wajua kwamba zile ajira 250,000 za Wakenya nchini Ujerumani hazikuwapo? Septemba 13, 2024, nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, Rais William Ruto akiwapo. Idadi hiyo ikavuma, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikaikanusha: mkataba hautaji idadi yoyote. Wakala anayekuuzia nafasi ya “mgao wa Kenya” anakuibia.

Je, wajua kwamba waweza kwenda kutafuta kazi hukohuko? Tangu Juni 1, 2024 kipo kibali kiitwacho Chancenkarte, cha hadi mwaka mmoja. Kwanza uwe na shahada, au cheti cha ufundi cha miaka 2 au zaidi kinachotambuliwa na serikali yako, pamoja na Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha ngazi ya B2. Kisha unahitaji pointi 6. Tumchukue mhandisi wa Mombasa mwenye miaka 33: umri unampa 2, miaka 5 ya kazi yake ndani ya 7 iliyopita inampa 3, Kiingereza cha C1 kinampa 1. Zimetimia. Hata hivyo namsihi asome Kijerumani kabla ya kupanda ndege, kwani waajiri wengi huko husaili kwa lugha yao. Akiwa anatafuta, anaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki.

Je, wajua kwamba fedha za kujikimu si ada? Kwa mwaka 2025 mtafuta kazi alitakiwa kuonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi. Wengi huziweka kwenye akaunti maalumu ya jina lao, nayo huwaachia kiasi fulani kila mwezi wakishafika. Ada ya viza yenyewe ni euro 75.

Je, wajua kwamba mtaalamu wa kompyuta anaweza kupata Blue Card, kibali cha ukaazi cha wataalamu wenye mkataba wa kazi, bila shahada? Miaka 3 ya uzoefu inatosha, mradi mkataba wa kazi ufikie mshahara uliowekwa. Mwaka 2025 kiwango chake kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka. Mwenye Blue Card aliyefaulu Kijerumani cha B1 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21. Mwenye A1, miezi 27. Mwenza wake hadaiwi cheti cha lugha ili amfuate, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi.

Je, wajua kwamba viza pekee haimpi muuguzi sare? Uuguzi, kama udaktari, unadai leseni, na kwa kawaida Kijerumani cha B2. Mamlaka hulinganisha masomo yako na yao somo kwa somo; yakiwapo mapengo, unafanya mtihani au mafunzo ya kujazia. Tangu Machi 2024, mwenye A2 na mwajiri aliye tayari anaweza kwenda na kukamilisha utaratibu huo akiwa kazini, kwa muda usiozidi miaka 3.

Je, wajua kwamba kujua iwapo chuo chako kinatambuliwa ni bure? Fungua kanzidata ya anabin kwenye intaneti, chagua nchi, tafuta chuo. Alama ya H+ maana yake chuo kinatambuliwa, H- hakitambuliwi. Kisha tafuta na shahada yenyewe, kwani ubalozi huangalia vyote viwili. Chapisha kurasa hizo, uziambatishe kwenye maombi.