Jino la Kupandikiza Haliozi, Ufizi Wake Huugua

Mwaka 1965, mjini Göteborg nchini Sweden, Profesa Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza meno yenye mizizi ya titani. Tangu hapo wengi wamerejeshewa uwezo wa kutafuna. Lakini wapo wanaodhani kuwa jino lisilooza halihitaji kusafishwa. Dhana hiyo ina hatari.

Titani haiozi, ila ukoga huiganda kama ulivyo katika jino la asili. Ukiachwa, bakteria wasiohitaji hewa, akiwemo Porphyromonas gingivalis, hustawi chini ya ufizi. Kwanza ufizi huwa mwekundu na kutoa damu. Hapo bado hutibika. Ugonjwa ukishuka zaidi, mfupa wa taya huliwa na jino hulegea, mara nyingi pasi na maumivu ya kutahadharisha.

Walio hatarini zaidi ni waliopoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, wavutaji sigara, na wenye kisukari kisichodhibitiwa.

Basi tuwahimize wazee wetu waliopandikizwa meno: wapige mswaki asubuhi na usiku, wasafishe baina ya meno, na wamwone tabibu wa meno hata wasipoumwa. Damu kwenye mswaki isipuuzwe.