Bahasha yenye tembre na feza ya chuma: utamu wake uko wapi?

Kwa kijana aliyezaliwa Vitshumbi nyuma ya mwaka 1998, feza ni karatasi tu. Falanga kongole ilipoingia mwaka ule, hata santimu zilichapwa kwenye noti. Feza za chuma zimebaki ndani ya masanduku ya wazee, pamoja na vitambulisho vya zamani na barua za watu waliokwisha kufa.

Lakini huko ng'ambo kuna watu wanaotafuta kitu ambacho hapa kwetu hakijulikani sana: bahasha moja yenye kubeba tembre na feza ya chuma pamoja. Inatengenezwa kwa makusudi. Feza inawekwa ndani ya karatasi ngumu yenye kidirisha, ili mtu aone sura zake mbili. Tembre inabandikwa pembeni, kisha posta inagonga muhuri wake, ule tunaita kashe, siku ile ile tembre inatoka. Feza na tembre vinapaswa kusema jambo moja: mfalme mmoja, mnyama mmoja, sikukuu moja. Wajerumani wanaiita Numisbrief. Kule Australia, posta yao inazitoa tangu 1994.

Sasa, utamu wake ni nini? Feza peke yake inakuambia mwaka tu, haikuambii ilipita wapi. Tembre safi, isiyotumika, haikuambii kama ilisafiri. Kashe ndiyo yenye kusema siku na mahali. Hapo ndipo bahasha inakuwa kama mashahidi watatu kwenye meza moja, na mwenye kukusanya anasikia raha ya kuona kama maneno yao yanapatana.

Tuchukue mfano wa karibu. Mwisho wa miaka ya 1930, Kongo ya Wabelgiji ilitoa tembre za mbuga za wanyama. Kati ya zile tembre kulikuwa mlima Karisimbi, na pia mto Rutshuru, huu huu ambao maji yake yanaingia katika ziwa letu Edouard. Kwa wakati ule ule, mwaka 1936 na 1937, ilitoka feza ya falanga tano yenye simba. Mto wetu kwenye karatasi, simba kwenye chuma, na Vitshumbi iko ndani ya mbuga ileile, Parc Albert ya zamani, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga.

Mtu anaweza kuunganisha hivi viwili leo na kuvitia katika bahasha moja. Itapendeza, hakuna ubaya. Ila muuzaji asikudanganye kwamba vilitoka pamoja. Kashe ya leo haiwezi kuzaa siku ya mwaka 1938. Basi kabla ya kutoa feza yako, soma kwanza tarehe ya kashe, kisha linganisha na mwaka wa tembre na ule ulioandikwa juu ya chuma.

Kuna tena zile falanga kumi zenye picha za wanyama, zinazotengenezwa nje ya nchi kwa jina la Kongo yetu, kwa ajili ya wakusanyaji tu. Hakuna mama wa soko la samaki aliyekwisha kupokea moja kwa bei ya tilapia. Kwa maoni yangu, ile ni picha ya feza kuliko feza yenyewe.

Vitu vya kweli viko kwetu, na vinapotea. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilimeza nyumba nyingi za Goma na karatasi zilizokuwa ndani. Vita navyo: mtu akikimbia usiku anabeba mtoto na sufuria, hawezi kukumbuka barua. Kile kinachobaki, mara nyingi tunakiharibu sisi wenyewe. Tunasugua falanga ya zamani kwa ndimu na mchanga ili ing'ae, na hapo hapo imepoteza bei, kwa sababu wanunuzi wanataka ngozi yake ya asili. Tunakata tembre na kutupa bahasha, na kumbe kashe ilibaki nusu kwenye ile karatasi iliyotupwa.

Ukikuta barua ya babu, iache nzima. Iweke pakavu, mbali na unyevu wa ziwa, na falanga ikae katika karatasi yake, isigusane na tembre. Kisha muulize mzee angali hai: ilitumwa na nani, ilitoka wapi, ilipokelewa na nani. Andika majibu kwenye karatasi nyingine, si juu ya bahasha.