Kwa Nini Rubani wa Ndege Ndogo Hupima Mizigo Kabla ya Kupaa

Abiria wa ndege ndogo ziendazo mbugani wamezoea kupimiwa mizigo, na mara nyingine wao wenyewe hupandishwa kwenye mizani. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa usumbufu. Hata hivyo, unahusiana moja kwa moja na hatari kubwa ya dakika ya kwanza ya safari: mabawa kushindwa kuibeba ndege.

Tatizo hilo mara nyingi huchanganywa na kuzimika kwa injini, ilhali ndege yaweza kuanguka injini ikinguruma kwa nguvu zote. Rubani anapoinua pua ya ndege, pembe kati ya bawa na hewa inayolijia huongezeka, na nguvu ya kunyanyua huongezeka pia, lakini kwa kikomo. Kwa ndege ndogo nyingi kikomo hicho ni takriban nyuzi 15 hadi 18. Pembe ikizidi hapo, hewa huachana na uso wa juu wa bawa na kuvurugika, na nguvu ya kunyanyua hushuka ghafla.

Tiba yake ni kushusha pua ili ndege ichukue kasi tena. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hili wakiwa juu sana, kwa kuwa ndege hupoteza kimo kabla ya kutengemaa. Wakati wa kupaa kimo hicho hakipo. Ugumu mwingine ni wa kibinadamu: rubani akiona miti inakaribia, mkono wake humtuma kuvuta usukani, yaani kufanya kinyume cha kinachohitajika.

Joto na mwinuko wa ardhi huongeza ugumu. Kiwanja cha Ndege cha Arusha kipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mchana wenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi, hewa yake huwa nyepesi kama ya mwinuko unaozidi mita 2,000. Injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuliko ingehitaji Dar es Salaam ikiwa na uzito uleule.

Injini ikizimika kweli mara baada ya kupaa, hatari huwa katika kugeuka kurudi kiwanjani. Ndege ambayo mabawa yake hushindwa kuibeba chini ya kilomita 90 kwa saa ikiruka moja kwa moja, ikilala nyuzi 45 katika kona bila kupoteza kimo itahitaji takriban 107. Ndiyo maana marubani hufundishwa kushusha pua kwanza na kutua mbele yao, hata kama ni shambani.

Mpangilio wa uzito nao una nafasi yake. Mizigo ikizidi nyuma, pua huelekea kujiinua yenyewe na huwa vigumu kuishusha. Kwa hiyo abiria anayeombwa kuhamia kiti cha mbele, hata kama ameketi pamoja na familia yake, anaombwa kwa sababu hiyo.