Wavuvi wa Kerala na Simu ya Mkononi

Wako wasemao kwamba simu ni chombo cha porojo, kisichomfaa maskini. Nasi porojo tunazisikia kila siku! Lakini tuwatazame wavuvi wa Kerala, nchini India.

Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1997, wavuvi 11 walikuwa Badagara na samaki wao, wala hapakuwa na mnunuzi hata mmoja. Umbali usiozidi kilometa 15, wanunuzi 27 walikaribia kurudi mikono mitupu. Nani angewapasha habari? Siku za namna hiyo samaki walitupwa baharini.

Tangu mwaka ule hata 2001, minara ya simu ilijengwa kando ya pwani. Mvuvi akaweza kuuliza bei angali majini, ndipo akachagua soko la kuelekea. Simu ilikuwa ghali, naye aliinunua kwa fedha yake mwenyewe. Mtaalamu Robert Jensen aliandika mwaka 2007 kwamba faida ya wavuvi iliongezeka yapata 8 kwa mia, na bei ya samaki ikapungua yapata 4 kwa mia. Hivyo hata mama asiyekuwa na simu alinunua kitoweo kwa bei nafuu kuliko zamani.