Malalamiko ya uamuzi katika hoki ya barafu ya vijana

Malalamiko ya uamuzi katika hoki ya barafu ya vijana ni madai ya wachezaji, makocha au wazazi kwamba mwamuzi hakutenda haki katika mchezo wa watoto. Nchini Kanada mchezo huo husimamiwa na Hockey Canada, na nchini Marekani husimamiwa na USA Hockey, iliyoanzishwa mwaka 1937.

Chanzo

Hoki huchezwa kwa kasi kubwa, na makosa mengi hutegemea jinsi mwamuzi alivyoona, kwa mfano kumkwatua mpinzani kwa gongo au kumshika. Kosa dogo humtoa mchezaji kwa dakika 2 kwa kawaida, na timu yake hubaki na mtu mmoja pungufu. Kwa hiyo uamuzi mmoja unaweza kuleta goli. Katika mechi za watoto kwa kawaida hakuna marudio ya video, na waamuzi wengi ni vijana wa shule wanaojifunza kazi hiyo. Mara nyingi kosa hutokana na uzoefu mdogo au na mahali mwamuzi aliposimama, wala si upendeleo.

Wakati wa mchezo

Wanaoruhusiwa kumwuliza mwamuzi kuhusu tafsiri ya sheria ni nahodha, mwenye herufi C kwenye jezi, au msaidizi wake mwenye herufi A. Kupinga kwa maneno makali huongeza adhabu, na mchezaji anaweza kutolewa kwa dakika 10. USA Hockey ina kanuni ya kutovumilia matusi: mwamuzi husimamisha mchezo mtazamaji anapotukana au kutisha, na hauendelei mpaka mtu huyo aondolewe karibu na uwanja.

Baada ya mchezo

Klabu nyingi huwataka wazazi wasubiri saa 24 kabla ya kulalamika, ili hasira ipoe. Malalamiko huandikwa na kupelekwa kwa kiongozi wa klabu au msimamizi wa waamuzi, yakitaja tarehe, muda wa tukio na kilichoonekana. Kwa kawaida uamuzi wa kuona, kama vile adhabu ya dakika 2, haubadilishwi baada ya mechi. Hata hivyo taarifa humsaidia msimamizi kumfuatilia na kumfundisha mwamuzi. Madai ya ubaguzi au ya kuhatarisha usalama wa watoto huchukuliwa kwa uzito zaidi na huweza kuchunguzwa.

Athari

Matusi ni miongoni mwa sababu zinazofanya waamuzi chipukizi waache kazi, na waamuzi wakipungua, mechi huahirishwa. Katika majimbo kadhaa ya Kanada waamuzi walio chini ya miaka 18 huvaa kitambaa cha kijani mkononi, ili watu wazima wakumbuke kwamba wanamkaripia mtoto. Wachezaji nao huiga watu wazima: kocha anayemlaumu mwamuzi kila mara huwafundisha kutafuta kisingizio badala ya kurekebisha mchezo wao.