Laini ya mzazi, mtumiaji mtoto: Sheria zinavyojaribu kuziba ufa

KATIKA nyumba nyingi nchini, simu ambayo mtoto huitumia kusoma, kucheza na kutazama video imesajiliwa kwa jina la mzazi. Kwa kampuni ya simu, anayeitumia ni mtu mzima. Hapo ndipo penye ufa ambao serikali inajaribu kuuziba.

Si kwamba Kenya inakosa sheria za kumlinda mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 chaagiza kuwa maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 nayo imemwekea anayesambaza picha za ngono za watoto faini isiyozidi Sh20 milioni, kifungo kisichozidi miaka 25, au adhabu zote mbili.

Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu habari za mtoto zitumiwe pasipo idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023, shule moja eneo la Uthiru ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Hata hivyo, adhabu humfika mkosaji baada ya mtoto kudhurika. Ndiposa mwongozo uliotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA) mwaka 2025 ukazielekea kampuni zenyewe. Unazitaka zithibitishe umri wa watumiaji na kuweka kinga ya faragha ya mtoto tangu mwanzo. Kampuni za simu nazo zatakiwa kumwuliza mteja iwapo laini itatumiwa na mtoto.

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha mambo. Mitandao mikubwa ya kijamii huwazuia walio chini ya miaka 13, lakini kwa muda mrefu imetegemea tarehe ya kuzaliwa ambayo mtumiaji huijaza mwenyewe. Mtoto akidanganya, au akishika simu ya mama yake, mitambo humhesabu kuwa mtu mzima. Matangazo ya kamari na jumbe za watu asiowajua huweza kumfikia bila kizuizi.

Kwa hivyo, kinga ya serikali huanzia kwenye jibu la mzazi anaponunua laini. Akificha kwamba ni ya mtoto, atakuwa amempokonya mwanawe ngao. Naye anayeshuku kuwa mtoto amedhulumiwa aweza kupiga nambari 116 bila malipo. Wahenga walinena: Mchelea mwana kulia, hulia yeye.